Figili za inchi ya baridi: majani mingi, chini hakuna kitu

Maswali ya bustani mwezi huu ni mengi, na cha kuchekesha ni kwamba karibu yote hayatoki kwa bustani za hapa. Wanaandika wazazi wa Goma na Bukavu ambao watoto na ndugu zao walihamia inchi za baridi kali, Norwei, Kanada, huko juu kabisa kwenye ramani, wanapokea picha kwa WhatsApp, wanaona mboga imeharibika, basi swali linakuja kwetu. Na wengi wanauliza figili, zile radi nyekundu za saladi, ju njo mboga ya kwanza mutu anajaribu akifika penye msimu ni mufupi, mbegu yake ni bei rahisi na inatoka mbio. Haya tuanze. Pale shida iko kubwa nitakaa, pale iko ndogo nitapita haraka.

SWALI: Jambo yaya wa bustani. Mimi ni mama wa hapa Himbi, Goma. Binti yangu na wajukuu wako Tromsø, Norwei, wako na kipande kidogo cha udongo mbele ya nyumba. Mwaka jana alingojea baridi iishe vizuri, akapanda radi katikati ya mwezi wa sita, zikaota haraka ata mimi nilifurahi nikiona picha. Kisha majani ikapanda juu, juu, ikatoa maua, na akingoa anakuta kamzizi kembamba tu. Mimi nasema ni baridi njo iliziua, yeye anasema hapana. Nani anasema kweli? Na je, nimutumie mbegu ya hapa, ju hapa inawekaka kichwa bila shida? (Mama wa watatu, Himbi)

JIBU: Mama, unisamehe, lakini hii nampa binti yako. Baridi haikuua kitu. Figili ni ndugu ya shu na haradali, ni mmea wa ubaridi, inapenda sana digri 10 mpaka 18, na Tromsø mwezi wa saba, ile wao wanaita joto, wastani ni digri 12 hivi. Kwa upande wa joto binti yako anakaa mahali figili ingechagua yenyewe. Kilichomuangusha ni mwanga.

Angalia kwanza hapa kwetu. Goma iko karibu na ikweta, jua linatoka saa kumi na mbili asubuhi linaingia saa kumi na mbili jioni, mwezi wa kwanza ni vile, mwezi wa sita ni vile, tofauti ni dakika chache ambazo hakuna mutu anaziona. Tromsø iko digri 69 kaskazini. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi wa tano hivi mpaka karibu tarehe 22 ya mwezi wa saba jua halizami kabisa, saa sita ya usiku linang'aa na watu wako inje wanatembea. Sasa figili inapimaka urefu wa siku. Siku ikiwa ya wastani, chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka chini kinajaza kichwa, yaani ule mzizi munene tunaokula. Siku ikizidi masaa 14 ao 15, mmea unaona kwamba wakati wa kuzaa umefika, unaacha mambo ya kichwa, unasukuma shina juu, unatoa maua ili uwahi kuacha mbegu kabla baridi haijarudi. Kupanda katikati ya mwezi wa sita kule ni kupanda wakati usiku hauko ata wa dakika moja, kwa hiyo mmea ulishaanza kufikiria maua ukiwa bado na majani matatu manne. Alingojea joto, na ile kungoja njo ilimuharibia kazi.

Afanye nini? Niko na njia tatu, na ninaipenda ya kwanza kuliko zingine.

Apande mwisho wa mwezi wa saba, ao juma la kwanza la mwezi wa nane. Jua linakuwa limeshaanza kuzama tena, na kule siku inapunguka mbio sana, dakika kumi na zaidi kila siku, mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa siku ni ya masaa 15 hivi na inaendelea kufupika. Mmea unakua wakati siku inafupika, hauna sababu ya kukimbilia maua, chakula kinashuka chini. Ila asihesabu zile siku 25 zimeandikwa kwenye sashe, hizo ni za hali nzuri, kule mwezi wa tisa baridi inakawiza kila kitu, ahesabu 35 mpaka 40, ata na zaidi kidogo. Na asiogope barafu ya asubuhi ya kwanza, figili kubwa inavumilia digri mbili tatu chini ya sifuri bila kulia, na wengine wanasema inakuwa tamu zaidi baada ya hapo, mimi pia niko upande wao.

Njia ya pili ni kupanda mapema, theluji ikishaondoka tu na udongo ukiweza kushikwa, kule ni mwezi wa tano. Siku tayari ni ndefu, siwezi kumudanganya, lakini aina ya haraka inaweza kuweka kichwa kabla shina halijapanda, kama hajaipa sababu nyingine ya kuhangaika: isikauke, isibanane, isikae bila kifuniko kwenye upepo. Achukue aina kama Cherry Belle, ile nyekundu ya mviringo inayojulikana kwa haraka yake, ama French Breakfast ile ndefu yenye ncha nyeupe. Zile kubwa nyeupe ndefu za Asia, daikon, na zile nyeusi za ngozi ngumu, asiziguse majira hayo, zinataka siku 50 na kupita na kwenye mwanga mrefu zinakimbilia maua. Na avune mapema, ikifika ukubwa wa ncha ya kidole gumba angoe, asiseme ngoja inenepe kidogo, ju kesho kutwa atakuta shina.

Ya tatu ni ya kuchekesha lakini inafanya kazi: aipatie figili usiku wa Goma. Kila jioni saa moja afunike kitanda chake na kitu kisichopitisha mwanga, basini kubwa nyeusi iliyopinduliwa, sanduku la mbao, ao bache nyeusi imewekwa juu ya miti isiguse majani, na saa moja asubuhi afunue. Masaa 12 ya giza, masaa 12 ya mwanga, mmea unaamini uko hapa kwetu. Aanze tangu zinatoka kwa udongo, na asiruke siku, ju siku tatu nne za kusahau zinaweza kuharibu yote. Kwa shamba hiyo ni wazimu, lakini kwa kipande cha mita moja mbele ya nyumba, na wajukuu wako pale hawalali ju ya lile jua, wapatie hiyo kazi.

Mengine ni ya kawaida. Mbegu moja moja, sentimita moja chini, mistari ipishane sentimita 15, na zikishatoka majani ya kweli azipunguze mpaka nafasi ya sentimita nne hivi kati ya moja na ingine. Watu wengi wanaonea huruma kungoa mimea mizima, basi wanaacha zimebanana na hakuna ata moja inaweka kichwa. Zile alizongoa azitie kwa saladi. Na asizioteshe kwanza ndani kisha kuhamisha inje vile watu wanafanyaka na tomati, mzizi ukiguswa unapinda, na ule mzizi njo chakula chenyewe.

Kuhusu kutuma mbegu, acha mama. Inchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu inayotoka inje, barua yako inaweza kutupwa kwenye pipa huko kwenye mpaka. Na zaidi ya hapo mbegu haibebi usiku wa Goma ndani ya sashe, ukiipanda Tromsø mwezi wa sita itafanya vile vile ilifanya ile yake. Anunue huko, aulize aina isiyokimbilia maua. Kama mwaka huu tena zikitoa maua asizitupe zote, aache chache zitoe maganda, yale maganda ya kijani yakiwa bado machanga yanaliwa mabichi na yako na pilipili yake kidogo.

SWALI: Mimi ni mzee wa Bagira, Bukavu. Kijana wangu anafanya kazi Yellowknife, Kanada. Anasema ukichimba kidogo unagonga jiwe ao barafu isiyoyeyuka, na kwamba kati ya barafu ya mwisho na barafu ya kwanza ni miezi mitatu na kitu tu. Anaweza kupata radi kweli ao anajisumbua? (Mzee wa Bagira)

JIBU: Mzee wangu, atapata, na zaidi ya mara moja kwa msimu. Miezi mitatu kwa figili ni mingi. Shida yake haiko msimu, iko udongo.

Kuhusu jiwe, huyo kijana awaulize watu wa Goma. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji mwaka 2002, ikarudia 2021 upande wa kaskazini, na mpaka leo kuna parseli ukitaka kulima unaleta udongo kwanza, unazungusha mawe, unajaza ndani, unapanda. Yeye afanye vile vile kwa mbao: sanduku lisilo na chini, kimo cha sentimita 25, ajaze udongo mzuri na mbolea iliyooza vizuri. Kwa figili hiyo inatosha na kubaki. Na kule sanduku lina faida ingine, udongo ulioinuliwa unapata joto mapema kuliko ule wa chini ambao umelalia barafu.

Joto ya udongo njo hesabu yote ya mwanzo wa msimu. Mbegu ya figili kwenye udongo wa digri 5 inachukua karibu mwezi mzima kutoka. Kwenye digri 10 ni siku 11 hivi. Kwenye 15 ni siku 6, kwenye 20 ni siku 4. Sasa angalia, mutu anayekimbia kupanda kwenye udongo wa digri 5 na mutu anayefunika sanduku lake na plastiki nyeusi majuma mawili kwanza mpaka lifike digri 10 na kitu, huyu wa pili anaweza kuona majani siku moja na wa kwanza ao ata kabla yake, na mbegu zake hazikukaa kwenye baridi zikioza. Anunue termometa ya udongo, ile ya kuchoma chini, aitie sentimita tano, asome asubuhi si mchana, ju mchana jua linadanganya.

Akishapanda aondoe plastiki, aweke kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, kinapitisha maji na mwanga na kinaongeza digri mbili tatu usiku. Kule barafu ya usiku inaendelea mpaka mwisho wa mwezi wa tano ao mwanzo wa mwezi wa sita, kitambaa kitamulindia. Mwezi wa sita wao wako na mwanga wa masaa 20, kwa hiyo yale niliyomwambia mama wa Himbi yanamuhusu pia: mkupuo wa kwanza katikati ya mwezi wa tano kwenye sanduku lililopashwa, apumzike katikati, mkupuo wa pili kuanzia tarehe 20 ya mwezi wa saba. Wakati wa katikati apande vitu vingine, karoti, viazi, havitamulalamikia mwanga.

Asipande sashe nzima siku moja. Atie kidogo, kisha baada ya juma moja kidogo tena. Mutu mumoja hawezi kula figili mia mbili kwa juma moja, na zikibaki kwenye udongo zinapasuka, ndani zinakuwa matundu matundu bila maji, hazina maana tena.

SWALI: Yaya, mudogo wangu iko Edmonton, Kanada. Radi zake ziliota, juma moja tu majani yakawa na vitundu vidogo vidogo kila mahali, kuna tududu tweusi tunaruka ukikaribia. Zile zilizopona, alipongoa alikuta ndani kumechimbwa na kuna funza weupe. Mimi nilimuambia atie majivu ya mbabula kama tunavyofanya huku, amecheka ju hana mbabula. Afanye nini? (Dada ya Katindo, Goma)

JIBU: Dada, hao ni maadui wawili tofauti, na kwa bahati dawa ni moja.

Tududu twa kuruka tunapenda jamaa yote ya shu. Na huko Alberta, jimbo la Edmonton, mudogo wako anakaa katikati ya mashamba makubwa ya kanola, ile mbegu ya mafuta yenye maua ya njano, ambayo nayo ni jamaa hiyo hiyo. Mwezi wa tano, joto likianza, tududu tunatoka tulipojificha kwa baridi na tunatafuta kitu chochote kichanga cha kutafuna. Figili njo inatokaka ya kwanza kwenye bustani, basi wanaanzia hapo. Mmea mukubwa unavumilia matundu, ule wa juma moja unakufa.

Funza ni watoto wa nzi. Nzi mwenyewe ni wa rangi ya majivu, ukimuona utasema ni nzi wa nyumbani, anataga kwenye udongo pale pale shina linapoingia chini, mayai yanapasuka kwa siku chache na funza wanaenda moja kwa moja kwenye mzizi. Ukishaona jani limelegea wakati udongo uko na maji, tayari wako ndani, hakuna kitu cha kumwagia kitarudisha ile figili, ngoa, tupa mbali na bustani.

Kwa hiyo ni kuzuia tu. Siku ile ile anapanda, si kesho yake, afunike kitanda na kile kitambaa cheupe ao chandarua cha matundu madogo sana, pembe zote azizike kwenye udongo, si kuweka mawe mawili tu upepo unainua. Figili haihitaji nyuki kuweka kichwa, inaweza kukaa chini ya kitambaa mpaka siku ya kuvuna. Lakini sikia hii vizuri, ju watu wanaisahau halafu wanasema kitambaa ni uongo: asipande pale mwaka jana kulikuwa figili, shu ao jamaa yao. Wale funza wakishiba wanajifunga ndani ya kaganda kagumu, wanalala kwenye udongo baridi yote, na mwaka unaofuata wanatoka nzi. Ukiwa umeweka kitambaa juu yao, umewafungia ndani na chakula.

Majivu acha dada. Kwenye majani yanaweza kusumbua tududu kidogo mpaka mvua ya kwanza, lakini funza wako chini hawana habari nayo, na ukizidisha unaharibu udongo.

SWALI: Hello, mimi ni etudia wa hapa Panzi, Bukavu. Kaka yangu yuko Winnipeg, Kanada, kwenye apartema ghorofa ya saba, hana bustani. Anataka kupanda radi ndani ya nyumba wakati wa baridi, karibu na dirisha. Inawezekana? (Etudia, Panzi)

JIBU: Karibu na dirisha peke yake, hapana. Mwezi wa kumi na mbili Winnipeg wako na masaa manane tu ya mchana, jua liko chini, na kioo kinakula sehemu ya ule mwanga. Figili zitatoka, zitarefuka, zitalala upande mmoja zikitafuta dirisha, kichwa hazitaweka.

Akitaka kweli anunue taa ya LED ya mimea, aitundike karibu, sentimita 20 mpaka 30 juu ya majani, aiwashe masaa 11 ao 12 kisha aizime. Watu wanaacha taa usiku na mchana wakifikiri wanasaidia, hapo wanatengeneza Tromsø ndani ya saluni, mmea unatoa maua. Chombo kiwe na kina cha sentimita 15 na matundu chini, ata basini ya zamani ikitobolewa inafaa. Na asiweke karibu na mashine ya kupasha joto. Nyumba zao wanapashaka mpaka digri 22, 23, kwa figili hiyo ni joto kidogo, inakuwa kali na nyuzi nyingi, atafute kona ya ubaridi, karibu na mlango wa balkoni mara nyingi kuko sawa.

Kwa kusema kweli mimi ningekuwa yeye ningekula majani tu. Amwage mbegu nyingi kwenye sahani yenye udongo wa vidole viwili, baada ya siku kumi akate na mkasi, anaweka kwenye mukate na yai. Pilipili ya figili iko pale pale, na haihitaji taa kali. Kichwa angojee kiangazi: kwenye balkoni, mwezi wa tano, kwenye bido iliyokatwa katikati, hapo hakuna kitu kitamuzuia.

SWALI: Mambo gani yaya, weye unaongea tu bya bantu ba inje, na siye je? Mi niko Katuba, Lubumbashi. Nilipanda radi mwezi wa sita mu parseli, chini ya muti wa maembe, nikatia mboleo ya kuku mingi, majani ni mazuri sana ata jirani anauliza, lakini chini hakuna kitu. Ni baridi ya huku? (Tata wa Katuba)

JIBU: Tata, umenishika. Baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita na wa saba, ile ya kuvaa jaketi asubuhi, njo majira bora kabisa ya figili kwenu, usiku inashuka chini ya digri 10 na mchana kuna jua safi. Siku pia si ndefu, kwa hiyo ile hadithi ya Norwei haikuhusu.

Wewe uko na mambo mawili. Mboleo ya kuku, tena pengine bado mbichi, imejaa azote, na azote ni chakula cha majani. Figili iliyoshiba azote haina haja ya kuweka akiba chini. Mwaka ujao tumia mbolea ya zamani iliyooza, kidogo, ama panda mahali ulilima mahindi uliyoyatilia mboleo msimu uliopita bila kuongeza kitu. Na ya pili ni ule mwembe. Kwenye kivuli figili inatanua majani kutafuta jua na chini kunabaki kamba. Itoe pale, iweke mahali kunapigwa jua masaa sita na kupita. Halafu tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa huko hakuna mvua, mwagilia kila siku kidogo, usiache udongo ukauke siku tatu kisha umwage bido nzima, hapo zitapasuka.

SWALI: Majani ya radi yanaliwa ao ni ya sungura tu? (Mama wa Majengo, Goma)

JIBU: Yanaliwa mama, sungura wakingoja zamu yao. Chukua yale machanga, ya figili isiyo na maua bado, ju yakizeeka yanakuwa na vinywele vinavyokwaruza koo. Osha mara mbili, udongo wetu mweusi unajificha sana kwenye mashina. Katakata, chemsha dakika mbili ao tatu kwa maji ya chumvi umwage yale maji kama hupendi uchungu. Kaanga kitunguu na tomati kwa mafuta ya mawese, tia sambaza zilizokaushwa, tia majani, funika kidogo tu. Yanapunguka sana kwenye sufuria, kwa watu wanne chukua fungu tatu kubwa. Na vichwa vyenyewe kama watoto wanavikataa ju ya ukali, vikate vipande utie kwa sufuria hiyo hiyo, pilipili yake inaisha kwenye moto.